Sifa Mnadani

Alipokufa Mzee Hondo, dalali wa soko la samaki la chini ya mkungu, bei ya samaki ilishuka na bei ya sifa ikapanda. Samaki walishuka kwa kuwa aliyekuwa akizuia bei isianguke hayupo. Sifa zilipanda kwa kuwa huyo huyo hayupo kuzikagua, na sokoni pale hapakuwa na mkaguzi mwingine.

Soko lenyewe liko Kilwa, pale mikoko inapoishia na mchanga kuanza, ambako vyombo vya kutoka upande wa Songosongo hutia nanga alfajiri. Ramani za wanadamu hazilionyeshi. Wenyewe ni ndege na wanyama, nao wana diwani, wana ushuru, wana kamati ya maafa, na wana choo ambacho hakijaisha kujengwa. Kwa hiyo hakuna sababu ya kusema si soko.

Dalali wa kwanza alikuwa Mwewe. Alikuwa na macho makali na sauti ya kufika mbali, na kasoro yake ilikuwa moja tu: kati ya "mbili" na "tatu" jodari alipungua. Mnunuzi alizabuni samaki mzima, akakabidhiwa samaki asiye na tumbo. Akaletwa Paka, aliyesomea mjini na kurudi na vyeti. Huyo hakupunguza samaki, aliwapoteza kabisa, na taarifa zake za mwezi zilikuwa nzuri mno. Ndipo Bi Korongo aliposema barazani: "Jamani, kwani hapa hakuna mtu asiyekula samaki?" Wakatazamana. Wakainua macho, wakamwona Hondohondo juu ya mkuyu, anameza makuyu yake, habari ya soko hana. Wazee walikuwa wakiamini kwamba dalali wa samaki lazima awe mjuzi wa samaki. Kumbe ilitosha asiwe na hamu nao.

Ujuzi aliupata kazini. Alijua kwamba usiku wa giza wavuvi wa taa hurudi na dagaa, na mbalamwezi ikikomaa hurudi na maneno. Alijua kwamba bamvua ikikupwa hadi mwambani, akina mama hushuka kwa miguu kutafuta pweza, na kwamba kusi ikivuma vyombo vinalala na kila mwenye kibua kimoja anajiona tajiri. Baruti aliitambua kwa kidole. Alimbonyeza changu ubavuni, na akikuta nyama imelegea na uti wa mgongo umevunjika ilhali ngozi ni nzima, alimweka kando. "Huyu hakuvuliwa," alisema, "huyu aliuawa." Siku hiyo mwenye chombo kile hakuuza hata dagaa.

Nyundo hakuwa nayo. Palikuwa na jahazi bovu limelala ufukoni, naye aligonga taruma lake kwa mdomo: ko! Kugonga hakuna siri. Siri iko kabla ya kugonga. Dalali akishasema "mbili", wakati wote wa dunia uko mikononi mwake. Anaweza kuuvuta mpaka tajiri atoke jasho, anaweza kuukata kabla mtu hajameza mate. Kunguru, mlanguzi anayejaza masanduku ya barafu na kupeleka Feri, Dar es Salaam, alipotaja bei, "mbili" ya Mzee Hondo ilivutwa mpaka maji yakaanza kupwa. Lakini akizabuni Kanga, mjane anayekaanga samaki na kuwauza kwa vipande, ilikuwa mojambilitatu-ko, neno moja, na Kunguru akabaki mdomo wazi.

Siwezi kuuita huo uadilifu mtupu. Dalali hulipwa na mwenye mali, na mwenye mali anataka bei ipande hata kama mnunuzi ni mjane wa watu. Mnandi, mvuvi ambaye samaki walikuwa wake, alinung'unika: "Mzee, bei ile ilikuwa haijafika." Mzee Hondo hakubishana. "Njoo jioni," alisema. Mnandi akaenda jioni. Hilo tuliweke kiporo.

Upande mwingine wa kazi ulikuwa miguu. Kunguru alikuwa na binamu, na binamu wana binamu, nao walikuwa na desturi ya kukutana chini ya mikoko kabla jua halijachomoza na kuafikiana nani anunue nini na nani akae kimya. Bei iliyopangwa hivyo haipandi hata ungeipigia tarumbeta. Mzee Hondo hakuwahi kuwafuata mikokoni. Aliwatazama miguu. Mwenye nia ya kununua husimama kwa miguu miwili. Aliyekwisha kuafikiana hupumzisha mmoja. Akiona safu nzima ya kunguru imesimama kwa mguu mmoja mmoja, alitangaza kwamba soko limekwenda kunywa chai, na samaki wakarudishwa kwenye barafu. Barafu ile ilikuwa ya Kunguru mwenyewe, na aliikodisha kwa saa. Wakati mwingine chai ilikuwa fupi.

Nyumbani alikuwa baba wa aina ambayo wanadamu huiandikia makala. Si mzaha. Reginald Moreau, Mwingereza aliyefika Amani katika milima ya Usambara mwaka 1928, aliwapanga wasaidizi wake chini ya miti wahesabu ni mara ngapi hondohondo dume anarudi kwa mkewe na matunda. Maana ndivyo walivyo: mama huingia katika shimo la mti, baba humletea udongo, mama huziba mlango kutoka ndani, ukabaki upenyo wa kupita ncha ya mdomo tu. Humo hutaga, huatamia na kulea, zaidi ya miezi mitatu, na muda wote huo mwenye kutoka, kutafuta na kurudi ni baba. Wanadamu walistaajabu sana kuona baba anayeleta chakula kila siku, wakachapisha. Hakuna ndege aliyewahi kukaa chini ya dirisha la binadamu akihesabu.

Mzee Hondo aliipitia miezi hiyo kila mwaka bila kuacha soko. Alinadi asubuhi, akabeba makuyu mchana, na jioni sauti ilikuwa imebaki nusu. Lakini kitu kimoja hakukiweza: kugawa. Watoto walipokwisha kutoka shimoni na kula mezani, wakala makuyu likabaki moja, hakujua ampe nani. Kwa hiyo alilinadi.

"Kuyu moja, limeiva, halina funza anayeonekana! Nani anaanza?"

Fedha haikukubaliwa. Bei ilikuwa kosa moja la kweli ulilolifanya siku ile.

"Nilimwangusha mtoto wa Kwale makusudi tukicheza," alianza mmoja.

"Kwale nimemsikia, upande wa kulia! Nani zaidi?"

"Nilisema nimekwenda chuoni. Sikwenda."

"Chuo! Chuo mara moja, chuo mara mbili..."

Kosa la kubuni alilijua papo hapo. Aliliita bei ya hewani, na aliyelitoa alilala bila kuyu. Aliyeshinda alikula na hakuchapwa, maana amekwisha kulipa. Bi Hondo alipinga mno utaratibu huo. Alisema mumewe analea majambazi watakaoiba ili wapate cha kuungama. Hofu yake haikuwa ya bure: kuna siku Kidomo, binti yao kitinda mimba, alishinda mwema kutwa nzima, na jioni akalia kwa kukosa mtaji. Mara moja moja baba mwenyewe alizabuni, na hapo watoto walinyamaza. "Leo nimempa Kunguru tatu ya haraka," alisema jioni moja, "kwa sababu nilikuwa na njaa." Alikula kuyu lile peke yake, na hakuna aliyelalamika.

Kisa ambacho watu wengi hukisimulia ni cha kiota cha Kanga, na wengi hukisimulia vibaya, wakidhani ni kisa cha huruma.

Kanga alikopa kwa Fisi shilingi elfu thelathini, anunue karai na gunia la mkaa. Mkopo wenyewe ulikuwa wa ile aina ambayo hata wanadamu wameipa jina la kausha damu: fomu kurasa mbili, riba kila wiki, na faini ya kuchelewa inayozaa faini ya kuchelewa kulipa faini. Kusi ikavuma, samaki wakaadimika, na elfu thelathini ikawa themanini. Fisi akaja na karatasi. Anataka kiota na kipande cha ardhi chini yake, vipigwe mnada Jumamosi.

Watu walitegemea Mzee Hondo akatae. Hakukataa. Angekataa, Fisi angemleta dalali wake mwenyewe, na huyo angeuza kiota kwa shemeji wa Fisi saa kumi na mbili asubuhi. Alisema tu kwamba Jumamosi haiwezekani. Sheria ya wanadamu wa Tanzania inataka tangazo la siku 14 kabla ardhi haijauzwa mnadani, na soko letu, ambalo huiga kwa wanadamu mambo mabaya mengi, kwa bahati lilikuwa limeiga na hili. Fisi akakubali. Siku 14 ni nini kwa mwenye riba ya kila wiki?

Basi Mzee Hondo akatangaza. Hakubandika karatasi juu ya mnazi akaondoka. Aliruka kijiji hadi kijiji, na hondohondo wa aina yake hulia kama mtoto mchanga, sauti ambayo mtu hawezi kuipuuza hata akitaka. "Kinauzwa kiota cha Kanga, mjane, muuza samaki! Alikopa thelathini! Anadaiwa themanini! Mkopeshaji ni Bwana Fisi!" Siku ya kwanza watu walimhurumia Kanga. Siku ya tano walianza kutoa hesabu. Siku ya kumi watu waliokuwa na fomu za kurasa mbili majumbani mwao walizitoa chini ya mikeka wakazisoma tena, safari hii na ukurasa wa pili. Kufika siku ya kumi na nne, Fisi alikuwa akipita njia za nyuma.

Siku ya mnada soko lilijaa na hakuna aliyefungua mdomo. Binamu wote wa Kunguru walikuwapo, mguu mmoja mmoja juu, na kwa mara ya kwanza walikuwa wameafikiana na kijiji. Kwale, dada wa Kanga, akasema: "Thelathini." Mojambilitatu-ko. Fisi akaruka: "Hukunipa nafasi! Nilikuwa nataka kuongeza!" Mzee Hondo akamjibu kwa adabu zote kwamba kigongo kikishalia, mali imekwisha kuuzwa, na kama Bwana Fisi ana shida na hilo, aende akawashitaki wanadamu waliolianzisha. Kwale akamrudishia dada yake kiota, na Fisi akaondoka na thelathini zake, ambazo kwa kweli ndizo alizotoa.

Watu hufika hapo wakapiga makofi. Lakini Kanga hakupiga. Deni lake lilikuwa limelizwa vijiji vyote, kwa sauti ya mtoto mchanga, siku kumi na nne. Shangazi zake walilijua, mkwewe alilijua, watu ambao hawakumjua sasa walimjua kwa deni. Aliendelea kununua samaki kwa Mzee Hondo, lakini salamu alimnyima.

Mzee Hondo alipougua, Bi Hondo alimweka mle mle shimoni, akaziba upepo wa kusi kwa udongo, na safari hii yeye ndiye aliyepitisha makuyu kwenye upenyo. Majirani walisema mambo yamepinduka. Mgonjwa alisema ni deni linalipwa. Alifia humo alfajiri moja, vyombo vikiwa bado nje, mkewe upande wa pili wa udongo na kuyu mdomoni.

Kabla ya kuzikwa, Mjomba Korongo alisimama kwa niaba ya familia, akatangaza kama inavyotangazwa siku zote. "Aliyekuwa akimdai marehemu, aje kwetu warithi tumlipe." Hakuja mtu. "Na aliyekuwa akidaiwa na marehemu, anajijua." Hapo ndipo Kunguru alipogundua kwamba mchanga wa makaburini una rangi ya kupendeza, akautazama mpaka mwisho.

Siku arobaini zilizofuata, Kunguru alikaimu udalali, kwa kujitolea. Alisema bei, akazabuni, akagonga, akanunua. Mnandi alipouliza inawezekanaje muuzaji na mnunuzi wawe mtu mmoja, aliambiwa huo ndio ufanisi. Kanga alinunua vichwa.

Ikafika arobaini. Mabusati yakatandikwa chini ya mkungu, pilau ikapikwa, na wakubwa wakaja. Fisi alikuja na miwani. Mheshimiwa Diwani Tumbili alikuja amechelewa, ili aonekane. Kobe alikuja kutoka Changuu. Yeye alianza safari aliposikia mjukuu wake wa hiari ni mgonjwa, kwa nia ya kumjulia hali. Mshereheshaji alikuwa Kasuku, kijana mchangamfu mwenye kurudia alichosikia.

"Mimi marehemu nimemfahamu miaka kumi," alianza Diwani, "na katika miaka hiyo kumi hatukuwahi kupishana."

"Kumi! Tumesikia kumi!" akasema Kasuku, kwa huzuni.

"Ishirini," akasema Kunguru.

"Ishirini, upande wa barafu! Ishirini!"

"Sisi tumekua pamoja," akasema Fisi, akivua miwani. "Tumenyonya pamoja." Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuliza hondohondo hunyonyea wapi.

Kuanzia hapo hapakuwa na kurudi nyuma. Mmoja alisema marehemu alimfundisha kuogelea. Mwingine alisema marehemu alimwachia siri, na siri hairuhusiwi kusemwa, lakini ni kubwa. Zikaja bahasha za rambirambi, na Kasuku akazisoma: laki moja kutoka kwa Kunguru na Binamu, laki moja na nusu kutoka kwa Fisi, ambaye aliomba itangazwe pia kwamba ofisi yake iko wazi hata sikukuu. Diwani hakuja na bahasha. Alikuja na ahadi: kwa kutambua mchango wa marehemu, choo cha soko, kitakapokamilika, kitaitwa Hondo. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshazoea. Kufika alasiri, Mzee Hondo alikuwa ameshafia mikononi mwa watu wanne, kila mmoja akiwa naye peke yake.

Kobe aliomba kusema. Ilichukua muda kufika mbele, na muda huo ulisaidia kupunguza kelele.

"Nimesikia mnada mzuri," alisema. "Kazi ya mwenzetu ina babu mbaya, sijui kama mnajua. Mimi sikumwona, sisi tuliletwa Changuu kutoka Shelisheli mwaka 1919. Lakini kati ya niliowakuta Unguja walikuwapo wazee waliosikia kwa masikio yao. Pale Mkunazini wanadamu walipiga mnada wanadamu. Waliwasimamisha juani, wakawapaka mafuta wang'ae, wanunuzi wakawafunua midomo kutazama meno. Mpaka Juni 1873, Seyyid Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, soko likafungwa, na mahali pake likajengwa kanisa. Sisi huku tunalana, sikatai. Simba akinipata atanila. Lakini bado sijasikia simba aliyemsimamisha simba mwenzake juani akauliza nani zaidi."

Akapumua. Kobe akipumua, watu husubiri.

"Hondo alikuja kwangu kijana, kuniuliza kama aikubali kazi. Nikamwambia sauti ni ile ile, mwanangu, na kugonga ni kule kule. Utajua umeikosea siku utakaponadi kitu kinachokutazama. Sasa leo naona mmemsimamisha yeye."

Kasuku, kwa mazoea, akasema: "Yeye! Tumesikia yeye!" kisha akaziba mdomo kwa bawa.

Bi Hondo alikuwa amekaa kwenye mkeka siku nzima akipokea pole. Akainuka, akaenda hadi kwenye jahazi bovu, akapanda palipokuwa pahali pa mumewe. Walioona walisema alionekana mtu aliyechoka, si mtu mwenye hasira.

"Babu amesema, nami namshukuru. Lakini mmeshalipia pilau, kwa hiyo mnada uendelee. Ila hapa nyumbani kwetu tuna fedha yetu. Anayetaka kumsifu mume wangu, aweke na kosa moja la kweli alilomkosea. Nani anaanza?"

Diwani alikumbuka kikao. Alikikumbuka ghafla, akakikumbuka na dereva wake.

Mnandi alisimama. Mvuvi si mtu wa maneno, naye aliyatoa moja moja, akiyavuta yalikokuwa. "Alipowapa wajane samaki kwa bei ya haraka, nilimfuata jioni. Nilimwambia Kunguru angeongeza elfu tano. Akazitoa mfukoni mwake, kutoka kwenye ujira wake. Nikaenda tena. Kila mara nilisema elfu tano, na kila mara alitoa. Kunguru asingeongeza hata mia, na mimi nilijua. Yeye pia alijua. Siku ya kuzika niliposikia 'anajijua', nilijijua." Akaketi. Kiporo chetu ndicho hicho.

"Elfu tano, upande wa maji," alisema Bi Hondo, na sauti yake haikuwa na mzaha wala lawama. "Nani zaidi?"

Kanga: "Nilimnyima salamu. Mwaka mzima. Aliniokolea kiota, lakini alinivua nguo mbele za watu, na mpaka leo sijajua nimshukuru kwa lipi nimlaumu kwa lipi. Nilitaka anifuate aniombe radhi. Hakunifuata. Nikaona ana kiburi. Halafu akafa."

Kasuku alikiri kwamba ameahidiwa elfu ishirini, na kwamba huzuni yake aliifanyia mazoezi. Mjomba Korongo alikiri jambo la kifamilia ambalo halikuwahusu waliokuwapo, na wote wakalisikiliza kwa makini. Fisi naye aliinuka.

"Nilipopata habari ya msiba, nilicheka," alisema. "Lakini nieleweke. Sisi ndivyo tulivyoumbwa, kilio chetu na kicheko chetu ni sauti moja."

"Bei ya hewani," akasema Bi Hondo.

Kunguru alionyesha koo. Barafu, alinong'ona, mafua ya barafu. Leo hawezi kusema kitu.

Asubuhi yake mafua yalikuwa yamepona. Kunguru alifika ufukoni mapema akiwa na simu kubwa yenye kioo kipana, akatoa hotuba. Dunia imebadilika, alisema. Kule Mtwara wanadamu tangu msimu wa 2024 wanauza korosho kwa mtandao, kupitia soko la bidhaa. Hakuna mtu wa kupayuka, bei inaonekana kwenye kioo, kila kitu wazi. Hilo la Mtwara ni kweli. Ila mtandao wa Kunguru ulikuwa ndani ya simu ya Kunguru, na neno la siri lilikuwa lake.

Wakati anatafuta mahali penye mawimbi ya simu, chombo cha Mnandi kikaingia. Jua lilikuwa linapanda na samaki hawasubiri hotuba. Watu wakatazama jahazi bovu. Juu yake palikuwa na Kidomo, yule aliyewahi kulia kwa kukosa mtaji, mdomo wake bado haujakomaa, na hakuna aliyejua amepanda saa ngapi.

"Tenga la kwanza! Kolekole wa mshipi, nimewabonyeza mwenyewe, hawakuuawa hawa! Nani anaanza?"

"Shikamoo, dalali," Kanga akasema, na watu wakageuka, kwa kuwa mtu mzima hamwamkii mtoto. "Elfu kumi na nane."

"Marahaba, mama. Kumi na nane! Nani zaidi?"

Kunguru alisogea mbele, simu bawani, mguu mmoja juu. "Elfu ishirini."

Kidomo hakuirudia bei. Aliutazama ule mguu.

"Ishirini na kosa gani?" akauliza.

Soko lilipasuka kwa kicheko, mpaka Mnandi akaangusha kasia. Kunguru alitazama kulia, akatazama kushoto, akashusha mguu wa pili.

"Ishirini na mbili," akasema.